Matundu Yako Ukutani

Kamwene, Fundi.

Ni mimi, Eliza. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chini ya upenu wa kanisa letu, mgongo wangu umeegemea ukuta wa magharibi. Karatasi nimeiweka juu ya pima maji yako. Ni Jumamosi, saa tisa mchana. Mvua imekatika kidogo lakini ukungu umeshuka mpaka makaburini, kwa hiyo hapo ulipolala sipaoni. Nimeona nikuandikie tu. Nikienda kusimama kwenye matope nikaongea na kaburi, mtu akipita akanikuta, habari itafika Makambako kabla yangu.

Nianze na yale mazuri. Mke wako, mama yetu, ni mzima. Magoti yanamsumbua ila mdomo hauumwi kabisa. Faraja wangu amemaliza kidato cha nne, anaimba sauti ya pili kwaya ya vijana. Ile miti ya milingoti ya kule bondeni imekatwa yote, pamepandwa parachichi. Kila mtu sasa ni parachichi, hata mwinjilisti ukimsalimia anakujibu kwa habari za miche. Na kanisa linajaa, Fundi. Linajaa mpaka watu wanakaa nje kwenye mabenchi, chini ya turubai, na mvua zetu hizi unazijua, turubai ni jina tu.

Baya ndilo hili nililoliegemea. Ukuta wa magharibi unabomolewa ili kanisa lipanuliwe. Nimeuchora mwenyewe kwa chaki nyekundu, kona hadi kona. Jumatatu asubuhi unaanza kushuka, na fundi aliyepewa kazi ya kuushusha ni mimi.

Usinikunjie uso kwanza. Nisikilize.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi sasa ni Bwana Zabroni, yule aliyekuwa kazini mjini miaka yote. Amestaafu, amerudi nyumbani, amekuta watu wananyeshewa ibadani, ikamuuma. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningejua pa kumshika. Ana picha kwenye simu, kanisa lenye vioo mbele na mnara wa bluu, na ukikutana naye njiani lazima uione. Kamati ikakaa, ikaona njia rahisi ni kuvunja huku magharibi na kusogeza mbele. Ukuta wenyewe, wakasema, umechoka. Ukitazama chini kuna nyufa, lipu imevimba, na ndani pale chini mabenchi yananuka ukungu. Mtaalamu mmoja aliletwa, akautazama kwa muda wa kunywa chai, akasema ndiyo, uzee huo.

Wazee wamekataa. Na wewe unajua kwa nini, lakini niache niseme, maana nimelazimika kuyasikia upya kama mtu mgeni. Wanasema matofali ya ukuta huu yalifyatuliwa na baba na mama zao, kila kaya yake. Na kila kaya iliweka alama kwenye tofali moja kabla halijakauka, hawa vidole, hawa ncha ya jembe, hawa punje za mahindi. Yale yenye alama yakapangwa mstari mmoja, huku nje, usawa wa goti, na mstari huo haukupakwa chokaa, ili mtoto akiuliza kwao ni wapi ashikwe mkono akaoneshwe. Mimi mwenyewe nilioneshwa hivyo. Vidole vitatu vya bibi yangu. Nilikuwa naingiza vyangu mle, vinazama.

Mstari huo leo hauonekani. Umefichwa na nini, tunajua mimi na wewe.

Vijana nao wanasema wazee wanapenda matofali kuliko watu. Kauli hiyo ilitoka kinywani mwa Faraja, mbele ya mkutano wa usharika, na mimi nimekaa pale pale. Sikumkemea. Wiki ile alikuwa ameimba nje kwenye mvua mpaka kifua kikambana, nilikuwa nalala nasikiliza anavyokohoa. Ningemwambia nini? Tangu siku hiyo, tukitoka ibadani na kusimama duara kama zamani, maduara ni mawili. La wazee huku, la vijana kule. Mchungaji wetu mpya, kijana wa watu, anasimama katikati anajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa joho.

Na mke wako? Tangu nichore chaki analeta kigoda chake kila siku, anakaa hapa hapa chini ya upenu, anapukuchua maharage. Mwenyekiti akipita anamsalimia, mama anaitikia vizuri, anaendelea na maharage yake. Hata sasa yuko hapa pembeni yangu. Ananiona naandika, na hajaniuliza naandika nini.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa saidia fundi, nabeba maji ya udongo kwa ndoo kichwani, Faraja mgongoni, na mafundi wako wakifanya mzaha kwamba yule mtoto naye alipwe. Siku moja ukanikuta nimeshika mwiko wa mtu aliyekwenda kula, nalainisha kipande cha ukuta wa stoo ya shule. Nikadhani utanifukuza. Ukautazama mkono wangu, ukasema, "Nani kakukimbiza?" Basi. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote miaka ile. Nikichanganya haraka, nani kakukimbiza. Nikipanga tofali kabla la chini halijatulia, nani kakukimbiza. Mpaka nyumbani nikaanza kumwambia mtoto hivyo hivyo akimeza chakula bila kutafuna.

Ulinifundisha chokaa. Ile tuliyokuwa tunailoweka kwenye shimo nyuma ya nyumba yako na kuifunika kwa magunia, wiki kwa wiki, mpaka iwe laini kama mtindi. Nilikuwa naona ni kupoteza muda, mfuko wa saruji si uko dukani. Ukanileta hapa, ukanibandikisha kiganja ukutani baada ya mvua, ukaniambia ukuta huu ni matofali na udongo, unalowa kama mtu anavyolowa, unachotaka ni njia ya kukauka. Chokaa inaiacha njia. Saruji ni koti la mvua, ukasema, na mtu aliyelowa humvalishi koti la mvua juu ya nguo mbichi ukamfunga vifungo.

Nilielewa, Fundi. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuwa mjinga. Nilielewa vizuri kabisa.

Mwaka wa jubilei ulikuwa umelazwa Ilembula, nyonga ile. Kamati ya wakati ule ikaniita. Askofu anakuja, chokaa ya chini inabanduka, panatia aibu, tufanyie kitu Eliza. Nilikuja kukuuliza? Sikuja. Ilembula nilifika mara mbili kukuona, nikakuletea uji na machungwa, nikakaa kitandani kwako nikakueleza habari za kila mtu isipokuwa hiyo. Niliogopa utasema ngoja kwanza. Na mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Nilitaka siku moja watu waseme hii kazi ni ya Eliza, si ya fundi wake.

Nikapiga lipu ya saruji, kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, ndani na nje, ukuta mzima. Nikamalizia kwa niru, ule uji wa saruji tupu, mpaka ukang'aa. Mstari wa alama ukaingia ndani ya lipu. Mzee mmoja alisimama akanitazama nikiufunika, akashika kofia yake mkononi, akaondoka. Nikasema moyoni, wazee bwana.

Siku ya jubilei watu walinibeba. Askofu alinipa mkono mbele ya watu wote. Jina la Mama Lipu nililipata siku hiyo, na kwa jina hilo nikapata kazi Makambako, maduka ya barabarani, nyumba za wageni, nyumba za wauza mbao. Nyumba ninayoishi Kitandililo nimeijenga kwa jina hilo. Mpaka leo nikipita sokoni watoto wanaita, Mama Lipu, shikamoo.

Wewe ulirudi kutoka Ilembula na magongo mawili. Ulikuja hapa kabla ya kwenda kwako. Ukapitisha kiganja kwenye niru yangu kutoka kona ile mpaka kona hii, polepole, mimi nimesimama nyuma yako nasubiri sifa. Ukageuka, ukaniuliza kama nimekula. Nikakwambia nimekula. Ukasema haya, twende.

Ndugu zako, mafundi wenzako, mchungaji, wote waliniita Mama Lipu. Wewe peke yako ulibaki kuniita Eliza mpaka umekufa. Nilidhani ni mazoea ya mzee.

Sasa nikwambie la msiba wako, maana hukuwepo. Yaani ulikuwepo, lakini unanielewa. Nilifika siku moja kabla ya maziko. Mahema yalikuwa yanafungwa upande huu, kwa sababu watu walikuwa wengi hawaenei ndani, nikasema nipitie ukuta, wageni wasije kukuta uchafu kwenye kazi yako na yangu. Nikakuta vitundu. Chini kabisa, karibu na ardhi, nyuma ya maua ya akina mama. Tundu, hatua mbili, tundu. Upana wa kidole. Nikasema panya, au watoto na misumari. Nikachanganya saruji kwenye karai, nikapiga magoti, nikaziba kimoja kimoja nikikandamiza kwa dole gumba. Nilikuwa nalia huku naziba. Nikawa najiambia, hii ndiyo kazi yangu ya mwisho kwa Fundi, nimpe ukuta safi. Mama yetu alitoka akanikuta, akasimama kwenye kona ile na khanga mdomoni, machozi yakimtoka. Nikamwambia, usijali mama, namalizia.

Hiyo ni miaka miwili na masika yake.

Jumatano hii mwenyekiti aliniletea karatasi ya kamati nisaini. Imeandikwa hali ya ukuta, na chini yake, sababu, uchakavu wa umri. Nikasaini kama fundi mkuu. Nilisainia juu ya boneti ya gari, hata kalamu ilikuwa yake. Alhamisi ndipo nikaja kufungua kipande kuona ukuta umekaaje kabla ya kuvunja. Ona hapo. Fundi uliyemfundisha wewe, anasaini kwanza, anafungua baadaye. Nani alikuwa amenikimbiza?

Nilipiga tindo chini ya nyufa. Lipu ikabanduka bamba zima, likaniangukia miguuni. Nyuma yake udongo ulikuwa uji. Matofali yale ya wazee, yaliyokaa na mvua zote za Njombe tangu kabla sijazaliwa, nikiyagusa yanamumunyika mkononi kama ugali wa jana. Nikafungua mbele, hivyo hivyo. Lakini nilipopanda juu ya lipu yangu, pale ilipoishia, pakavu. Udongo mgumu, tofali likigongwa linalia. Nikaenda ukuta wa kaskazini, ule ambao sikuugusa, una chokaa yako tu. Pakavu mpaka chini. Umri ni ule ule, Fundi. Mvua ni ile ile.

Nikarudi pale lipu ilipokuwa imeanguka ndipo nikaona vile vitundu kwa upande wa pili. Havikuwa vya panya. Panya hatoboi mwinamo. Kila kimoja kimeanzia ndani juu kidogo kikashuka kuja nje, kama ulivyonionesha tulipotengeneza ukuta wa kisima, ili maji yapate pa kutokea. Vimenyooka, vimepimwa. Na kila kimoja kimezibwa na donge la saruji lenye dole gumba. Langu.

Nikaliinua lile bamba lililoanguka, nikaligeuza. Uso wa tofali ulikuwa umejichapa humo. Na katikati vidole vitatu vya bibi, vimetokeza nje kama vimevimba, kwa sababu saruji ilijaa mle mlimokuwa na shimo. Nilikaa chini. Sikulia, nisikudanganye.

Ndipo nikaenda kwa mama. Akaniweka jikoni, akaniambia yote bila kupandisha sauti. Kwamba tangu urudi kutoka Ilembula kila Jumamosi ulikuwa unaaga, naenda kufagia kanisa, ukitia tindo dogo kwenye mfuko wa koti, na magongo yako, na nyonga yako, unakuja kupiga magoti hapa nyuma ya maua. Kitundu kimoja Jumamosi moja. Vikizibwa na tope unavizibua. Mama akakuuliza kwa nini usimwite Eliza mkabandua tu lile koti. Akasema ulimjibu hivi, "Mtoto ameshapata jina. Acha."

Nikamuuliza, sasa siku ya msiba mbona hukunizuia mama, ulisimama pale unaniona. Akasema, sikuwa na nguvu, na wewe ulikuwa unalia.

Fundi, nina hasira na wewe. Lazima niseme. Ungenigombeza. Ungenipiga hata kwa gongo mbele ya kamati, ningekasirika mwezi, nikarudi, tukabandua. Ukaona bora unitunzie jina langu mpaka ukaondoka na siri yako, ukaniacha mimi niendelee kuringa. Hukuona kwamba siku moja utakufa na mimi nitakuja na karai? Wewe uliyekuwa unaona ufa kabla haujatokea.

Basi nipo hapa, na kokote ninakogeuka nagonga.

Nikinyamaza, Jumatatu ukuta unashuka. Hakuna atakayejua. Wazee watalia kidogo, watazoea, au watakufa. Watu watapata pa kukaa, Faraja ataimba ndani, na mimi nitakuwa nimejenga kanisa. Lakini ukuta huu haukuchoka. Niliunyonga mimi, halafu nikauandikia cheti kwamba umekufa kwa uzee.

Nikisema, najifunga mwenyewe. Saini yangu ipo. Bwana Zabroni amekwisha kusimama madhabahuni na kuwaambia watu kwamba fundi wetu mwenyewe, mtoto wa hapa hapa, amethibitisha. Atageuzwa mwongo kwa ajili yangu, na yeye ndiye ninayemjengea nyumba ya wageni Makambako, imefika kwenye linta, na wasichana wawili niliowaajiri wanakula kwa kazi hiyo. Na jina lenyewe. Fikiria mtu anayeitwa Mama Lipu anasimama kusema kwamba lipu yake ndiyo iliyoozesha kanisa. Watoto wa sokoni wataendelea kuniita hivyo hivyo, ila watakuwa wanacheka.

Tena hata nikisema, si kwamba shida inaisha. Ukuta unaweza kupona, naamini hivyo, nimeugonga wote. Ila lazima saruji yote ibanduliwe, ukae uchi kiangazi kizima ukauke, matofali ya chini yaliyokufa yatolewe machache machache yawekwe mengine, ndipo chokaa. Na kupanua kuhamie upande wa sakristia, ambako ukuta ni wa juzi na hauna alama ya mtu. Ramani ianze upya, vibali vianze upya. Maana yake masika yajayo watu wako nje tena chini ya turubai. Mwanangu pia yuko nje. Nitamwambia nini akikohoa, kwamba anakohoa kwa ajili ya vidole vya bibi yangu?

Jana nilikwenda kwa mchungaji nikamwambie. Nilifika, mke wake akanikaribisha, nikanywa chai vikombe viwili, nikala viazi, nikazungumzia mvua, nikasifia kuku wao, nikaaga. Mchungaji akanisindikiza mpaka barabarani akiwa anangoja niseme. Aliona. Nikamwambia kuku wenu kweli wananona. Nikarudi nyumbani kwa mama, ninakolala wiki hii, nikiwa najitukana njia nzima.

Faraja alinipigia simu jioni, anauliza kama Jumatatu kweli. Nikasema kweli. Akafurahi, akaniambia, mama nakuombea. Sijui kama umewahi kuombewa jambo kama hilo.

Leo asubuhi nilikuja kuhakikisha chaki haijaoshwa na mvua. Nilipomaliza nikakaa hapa kando ya mama. Alipukuchua, nikamsaidia kupukuchua. Baadaye akafuta mikono kwenye kitenge, akaingiza mkono chini ya maharage kwenye ungo, akatoa tindo lako dogo. Lile la mpini uliofungwa kamba ya katani. Akaliweka mapajani mwangu, akasema, leo si Jumamosi?

Akarudi kwenye maharage yake.

Nimepiga magoti, Fundi. Nimeanzia kona ile. Donge la kwanza lilikuwa gumu, nilichanganya saruji nzuri siku ile, nilitaka idumu. Nimegonga taratibu kama ulivyokuwa unagonga, maana nikigonga kwa nguvu tofali lote linabomoka. Vipo kumi na tisa. Kumi na tisa kwa nyonga ile. Nilipofika cha tano watu wawili wa kamati walipita, wakauliza nafanya nini, nikasema natafuta kitu. Cha kumi mama akaja na chai. Madonge yote nimeyapanga hapa kwenye ngazi ya mlango, na kila moja lina dole gumba, na lile bamba la vidole vya bibi nimeliegemeza kando yake. Kesho mtu yeyote akiingia ibadani atayaruka.

Kesho, baada ya matangazo, mwinjilisti atauliza kama kuna mwenye neno. Huwa anauliza huku amekwisha funga daftari. Nitasimama. Nimekwisha mwambia mama kwamba nitasimama, ili nisipate pa kurudi. Nitasema ukuta haukuchoka, niliufunga mimi, na Fundi alikuwa anaufungua, na mimi nikauziba tena siku tuliyomzika. Nitaomba saini yangu irudishwe. Wakiamua kuuvunja hata hivyo, na wanaweza, wana picha nzuri na watu wanalowa, watafute mkono mwingine. Wangu hautakuwepo Jumatatu. Sijui Bwana Zabroni atafanya nini. Sijui Faraja atanitazamaje, naye atakuwa pale mbele na kwaya. Naogopa tangu sasa, na bado ni Jumamosi.

Utanisamehe kwa kukuudhi kaburini. Na mimi nimekusamehe lile la kunyamaza, ingawa sijamaliza, nitalimalizia kidogo kidogo.

Nimeacha kuandika mara moja, mama ameniita. Ameniita kwa sauti ile ya kuita mtu kuona mtoto akitembea. Kitundu cha mwisho, kile cha karibu na mlango. Kimeanza kwa tope, tone moja zito, kisha maji. Kidogo tu, ya kahawia, yanashuka ukutani yanaingia kwenye udongo wa maua. Tumeinama wawili tunatazama. Nimeweka kiganja chini yake mpaka kikajaa.

Ya baridi, Fundi. Ya miaka miwili.

Lala. Mama anakusalimu. Likitokea la kutokea kesho, hili moja nakuahidi: sitayaziba tena matundu yako.

Eliza